Anachinja na Kuondoka

Kila Alhamisi, vipindi viwili kabla ya chai, mwalimu wa Uchumi aliwafundisha kidato cha tano kwamba binadamu ni kiumbe anayejitafutia. Mahitaji yake hayana mwisho, vya kumtosheleza ni vichache, kwa hiyo hanyanyui hata mguu kabla hajapima atafaidika nini. Alhamisi hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, mtu yule yule, kanzu juu ya suruali ile ile yenye vumbi la chaki, aliwafundisha wafanyabiashara wa Kyela mjini kwamba binadamu ameumbwa kwa udongo, amekabidhiwa dunia kama amana, na kila alichonacho ataulizwa alikipataje na alikitumiaje. Mimi nafundisha Historia chumba cha pili. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo yule binadamu wa kwanza nimemsikia kwa miaka kumi na tisa. Wa pili nilimsikia kwa sababu siku za mvua, na kwetu siku za mvua ndizo nyingi, nilikuwa nampeleka mjini kwa pikipiki yangu na kumsubiri barazani pa msikiti.

Hao binadamu wawili hawakuwahi kukutana. Nilimuuliza mara moja yupi kati yao ndiye wa kweli, maana mimi nilikuwa naondoka shuleni nikiwa mchoyo na kufika mjini nikiwa mja mwema, na kilomita zenyewe si nyingi. Alinitazama kama natania. Akasema inategemea uko chumba gani, kisha akaniomba nipunguze mwendo penye tope.

Shuleni tulimwita Mwalimu, mjini walimwita Ustadhi. Alikuja kwetu Ngonga akitokea Pangani, na godoro, kabati la vitabu, na mke mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwa mama yangu, upande wa pili wa migomba. Alituambia amekuja kwa miaka miwili. Kila Januari aliandika barua ya kuomba uhamisho, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote pale ofisini, na kila Januari barua ikaenda ilikokwenda ile ya mwaka uliotangulia. Sisi wenyeji tulikuwa tunamuonea huruma, ingawa kila mwaka tulimpigia magoti Mungu barua isifike, maana walimu wa Uchumi hawapatikani.

Alikuwa mrefu, mkavu, na saa kubwa kwenye mkono wa kulia. Aliitazama mara kwa mara, na nadhani alifanya hivyo zaidi ili sisi tukumbuke kwamba muda unapita. Kwapani alibeba rula ndefu ya mbao. Kwa rula hiyo alichora ubaoni mistari ya ugavi na mahitaji, aliwaonyesha wanafunzi mlango wa kutokea, na alinunulia mchele.

Habari ya mchele inahitaji maelezo. Kwetu mchele unapimwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi, na muuzaji mwenye adabu hapimi akaishia ukingoni. Anajaza, halafu anarundika juu mpaka punje zinaanza kumwagika, na hapo anakutazama usoni kuona kama umeridhika. Mwalimu wa Uchumi siku yake ya kwanza sokoni alitoa rula kwapani, akaipitisha juu ya sado, sawasawa na ukingo, na ule mrundo wote akamrudishia mwenyewe. Alimwambia yule mama kwamba kipimo ni kipimo, hapendi kuchukua kisicho chake. Yule mama akamrudishia pesa zake na kuuchukua mchele wote.

Wiki ile darasani alieleza kwamba muuzaji anarundika ili mteja arudi, yaani ni faida iliyojificha kwenye ukarimu. Msikitini akaeleza ubora wa kutimiza vipimo bila kupunja. Kote alikuwa sahihi, na nyumbani kwake walikula ugali mwezi mzima, katika wilaya ambayo watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuja kununua mchele wake. Mwisho mkewe akaenda sokoni kimya kimya bila rula. Alirudi na sado tatu zenye vichuguu na mkungu wa ndizi ambao hakuwa ameuomba.

Nisimseme vibaya tu. Jumamosi aliwafundisha bure watoto waliokuwa nyuma, na ukimshukuru alikwambia ni uwekezaji katika rasilimali watu. Mwanafunzi alipoumwa na nyoka kule Bujonde kwenye shamba la kakao la baba yake, Mwalimu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na saa yake ikapotelea kwenye majani, ikaokotwa baada ya wiki. Kesho yake alikana kabisa kwamba alikimbia. Alisema alitembea haraka. Nimemsoma kwa muda mrefu, na naona darasani alikuwa anaona aibu kwa wema wake, na msikitini akaona aibu kwa hesabu zake, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukaa kwa raha.

Mwaka mmoja aliamua kulimaliza suala kisayansi. Nilishamuudhi na swali langu la binadamu yupi. Basi akachukua vichane sita vya ndizi mbivu, nzuri, akavipanga juu ya gunia safi kwenye njia panda ya kwenda Bujonde. Pembeni akaweka kopo la kutumbukizia sarafu na karatasi iliyoandikwa: Chukua, lipa. Hakuna wa kusimamia. Kama ndizi zingekwisha na kopo likabaki tupu, yule binadamu wa darasani angekuwa ameshinda. Kama kopo lingejaa, ushindi ungekuwa wa msikitini. Yeye na daftari lake walijificha jikoni kwetu, dirisha linatazama njia panda, na mama yangu akawa anampikia chai bila kuuliza.

Siku ya kwanza watu walifika, wakaziona ndizi, wakaacha njia na kupita ndani ya mpunga. Bibi mmoja alitema mate, akarudi alikotoka. Siku ya pili njia nzima ilihama, ukaona kijinjia kipya kimekatiza kwenye shamba la watu. Siku ya tatu alikuja mzee wa kanisa na watu wanne wakaziombea zile ndizi, wakiwa wamesimama mbali kidogo. Siku ya nne mbuzi walikula kila kitu pamoja na karatasi. Kopo lilibaki, na sijui mtu aliyeligusa mpaka lilipooza kwa kutu.

Mwalimu alifunga daftari akiwa ameridhika. Kidato cha tano waliambiwa kwamba mtumiaji, akiona hatari kubwa kuliko faida, hanunui hata kwa bei ya bure. Kwenye darsa la msikitini waliambiwa kwamba vichane sita vimekaa siku tatu njiani bila kuibwa, na huo ni ushahidi wa maumbile safi ambayo Mola amemuumbia mja. Ndizi zile zile. Nilicheka kwenye pikipiki njia nzima.

Mama yangu ndiye hakucheka. Alikuwa amemlisha siku nne akidhani mtu ana matatizo ya nyumbani. Alipoelewa kwamba zile ndizi ziliwekwa na mgeni wake mwenyewe, alimkalisha kwenye kigoda, yeye na kanzu yake.

"Mwanangu," alimwambia, "chakula kina mwenyewe, na mwenyewe anakaa nacho anakutazama ukila. Ukikiweka njiani ukajificha, tutajuaje una nini moyoni?"

Alimwambia pia neno ambalo sisi Wanyakyusa tunalo na vitabu vyake vyote viwili havina: ukwangala. Ni kule kukaa na wenzako, mkala, mkaongea, hata kama hakuna la maana linaloongelewa. Mtu asiyejua hilo, mama alisema, hata akiwa na shahada tunamtazama kwa jicho la pembeni, maana anayekula peke yake huenda na usiku anatembea peke yake. Mwalimu aliandika neno hilo kwenye daftari. Aliuliza kama lina kipimo.

Sasa nifike kwenye misiba, maana hapo ndipo hadithi yake ilipo. Kwetu msiba unakaa siku tatu, nne, na zaidi kama marehemu alikuwa mtu wa watu. Wanaume wanapasua kuni na kukaa, wanawake wanamenya ndizi na kukaa, na wageni wanatoka mpaka Katumba Songwe na magunia ya mchele kichwani. Ng'ombe anachinjwa. Na kwa kuwa siku hizi tumechanganyika, kuna afisa kilimo wa Kondoa na mwenye duka wa Ujiji, tunataka ng'ombe wetu achinjwe na Mwislamu ili pasiwe na mtu wa kukaa na sahani tupu. Mwislamu wa karibu alikuwa jirani yangu.

Hakuwahi kukataa. Ukimwita alikuja na kisu chake kikali kilichofungwa kwenye gazeti, akamlaza ng'ombe kwa upole, akasema maneno yake, akachinja. Kisha akanawa, akafunga kisu, akatazama saa na kuondoka. Sufuria lilikuwa bado halijapata moto. Miaka ikapita hivyo, mpaka watoto wa Ngonga walipocheza michezo yao ya msiba chini ya migomba lazima mmoja awe yeye: anakuja, anamchinja mwenzake kwa kijiti, anatazama mkono, anaondoka.

Nilipomuuliza alinipa neno la kitaaluma, gharama ya fursa. Siku nne za kukaa ni siku nne za kulima, kusoma, kusahihisha madaftari. Tukizijumlisha siku ambazo wilaya yetu imekaa misibani, alisema, tungekuwa tumejenga daraja mpaka Malawi. Nikadhani basi Ustadhi atanitetea. Wapi. Darsani alifundisha kwamba kuketi matanga na kumpikisha mfiwa ni uzushi, jirani ndiye anayetakiwa apeleke chakula na kwenda zake. Katika miaka yote hiyo, hilo ndilo jambo pekee ambalo vitabu vyake viwili vilikubaliana: usikae.

Aliyekaa ni mkewe. Yeye alikuja asubuhi ya kwanza na kisu kidogo na kitambaa kiunoni, akaingia katikati ya akina mama, akamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Kinyakyusa alikijua kwa mwaka mmoja. Alikiongea kwa lafudhi ya Pangani, na wanawake walimfanya arudie "ndaga fijo", asante sana, mara kumi kwa furaha tu ya kumsikia. Mumewe alimuuliza anapata nini kule. Nilikuwapo. Alijibu kwamba anapata umbea, na mumewe akaona kwamba hilo linaelezeka.

Siku moja ya mvua kubwa tulikwama mjini chini ya kibaraza cha duka la mbolea, mimi na yeye. Akasema kwamba Waislamu wa Ngonga hawatoshi hata kubeba jeneza kwa zamu. "Siku nikifa hapa, jirani, nani atakuja bila kupata kitu?" Nilimjibu kwa mzaha kwamba wanafunzi wote watakuja, maana watakosa vipindi viwili. Hakucheka. Ndipo nilipojua kwamba swali la binadamu yupi ndiye wa kweli halikuwa langu tangu mwanzo. Alikuwa nalo yeye, na lilikuwa linamnyima usingizi, na mimi nilikuwa nimeligeuza kichekesho cha ofisi ya walimu. Niliona aibu, na bado naiona.

Aliyetangulia alikuwa mkewe. Alifariki asubuhi, kwa shinikizo la damu, baada ya miaka kumi na saba ya ile miwili. Akina mama wa msikiti walikuja kutoka mjini wakamwosha, na baada ya swala ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa kwenye makaburi yao mjini, haraka na kwa utulivu, kama dini yao inavyotaka. Sisi hatukuijua haraka hiyo. Tulijua amefariki, tukafanya kama tunavyofanya: tukaanza kukusanya kuni, mchele, mikeka na masufuria. Watu wa Bujonde waliingia uani saa tisa na ndizi za kutosha harusi, na wa Katumba Songwe wakafuata, na marehemu hakuwapo, na kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa, na mfiwa amesimama mlangoni anawashukuru na kuwaaga.

Aliwaeleza kwa adabu. Kwao mazishi yakiisha yameisha. Hakuna matanga, nyumba yake haipiki, Mwenyezi Mungu awalipe, waende wakafanye kazi zao. Watu walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakashusha mizigo na kutandika mikeka.

Akarudia. Mama yangu akamkaribia, wakati huo anatembelea fimbo, akamshika mkono.

"Hujatuelewa, mwanangu. Hatujaja kwako. Tumekuja kwa mwenzetu."

Walikaa siku nne. Walipika kwa mawe yao wenyewe, nje, hawakugusa hata chumvi ya nyumba ile. Mwalimu aliletewa sahani na kuambiwa ale, na mtu akakaa mbele yake kumtazama akila. Siku ya pili alijaribu kusahihisha madaftari. Siku ya tatu madaftari yalilowa mvua uani na hakuyafuata.

Walipoondoka alikuja kwetu jikoni, akakaa kwenye kile kigoda cha zamani. Alikuwa na hesabu, na safari hii hakutafuta chumba cha kuifichia. Alisema: mke wangu alimenya ndizi zao kwa miaka kumi na saba, wamemrudishia siku nne. Ni haki, na imekwisha. Mimi nimekuwa nachinja na kuondoka. Nilitaka kumwambia kwamba sivyo inavyokwenda, lakini kwa mpango wake hesabu ilikuwa sahihi. Mama naye alikuwa amesinzia.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka jana, alistaafu. Ile barua ya uhamisho nayo ikajibiwa muhula huo huo: amekubaliwa, anaweza kuhamia Tanga. Aliibandika ukutani ofisini tucheke sote. Akafunga vitabu kwenye maboksi, akauza kitanda, akakata tiketi ya basi la Jumatano alfajiri. Alitaka akazikwe kwao, aliniambia waziwazi, mahali ambapo watu wa kumbeba wanatosha.

Jumanne, saa nne asubuhi, mama yangu alifariki.

Sikumwita kuchinja. Nilijua ana safari. Alikuja mwenyewe na kisu kwenye gazeti, akamlaza ng'ombe, akasema maneno yake, akachinja. Akanawa. Akafunga kisu. Uani palikuwa na watu wengi, na nina hakika wote, mpaka watoto, tulikuwa tunamtazama mkono wa kulia. Akaitazama saa kama tulivyotegemea. Kisha akauliza ni wapi kuna nafasi ya kukaa.

Basi la Jumatano liliondoka bila yeye. Kwenye kupasua kuni alishindwa vibaya, shoka likamruka mara mbili, wanaume wakamwomba apumzike kwa usalama wa wote. Akahamia kwa wanawake. Mchana wa siku ya tatu nilimkuta huko, katikati ya shangazi zangu, kanzu imekunjwa mpaka magotini, kisu chake cha kuchinjia ng'ombe kinamenya ndizi. Alimenya vibaya, nusu ya ndizi inakwenda na ganda. Vidole vilikuwa vyeusi. Saa alikuwa ameivua kwa ajili ya utomvu.

Nilikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hasemi vizuri. Nilichuchumaa karibu yake nikamuuliza kama anajiwekea akiba, ili siku yake ikifika nasi tumkalie.

Hakukasirika. Alimaliza ile ndizi kwanza.

"Siku ya kwanza, ndiyo," alisema. "Nilikaa ili na mimi mje mnizike. Usiku nikajilaumu, nikasema hapana, nimekaa kwa ajili ya thawabu, na mama alinilisha. Hiyo ilikuwa jana." Akachukua ndizi nyingine. "Leo sijui. Kulikuwa na ndizi nyingi na watu wachache."

Nilimpa mkono, ukanata.

Jioni ile msemaji wa ukoo alisimama kutoa shukrani, akawaomba wafiwa wasimame watu wawaone. Tukasimama, mimi na wadogo zangu, na watoto wetu, mstari mmoja mbele ya nyumba. Msemaji akaanza kututaja. Kule nyuma penye ndizi palisikika shangazi yangu mkubwa, mwanamke asiye na subira, akimsukuma mtu begani.

"Na wewe simama. Alikuwa anakuitaje?"

Alichelewa kidogo, maana magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Kisha akanyanyuka, kisu na ndizi bado mkononi, akaja kusimama mwisho wa mstari.